Siku Nyumba Yangu Ilijaa Viti vya Kuazima

Bwana asifiwe, bapendwa. Aah, hiyo amina ni ya nani? Bwana asifiwe! Ndiyo. Sasa munaniamusha hata mimi.

Pasta aliniomba niseme ushuhuda mufupi. Wote munanijua, maneno mafupi sijayazoea. Lakini leo nitajikaza, sababu jua likizama mbele ya mi kumaliza, kitu yenye imenisimamisha hapa itakuwa imeharibika. Iko jambo nililiona jana njiani, pale karibu na kisima. Nitalisema mwisho. Kwanza munisikilize.

Majina sitataja. Bale benye bako hai, tunakula nao. Bale benye balikufa, hawawezi kujitetea. Na bale benye bako na ofisi, tubaache na ofisi zao.

Ndugu zangu, sisi hatukuzaliwa hapa kando ya ziwa. Kwetu ni juu, upande wa Lubondja. Tulikuwa na shamba la muhogo, maharagi, mbuzi kidogo. Tajiri sikuwa, lakini mulango wa muntu sikuupiga hodi kuomba chakula. Kisha ikatoka amri: bantu bote ba mulimani bashuke, bakae kando ya barabara, pahali serikali inaweza kubaona. Ati juu kuko baasi benye kupigana na serikali. Baasi mi nilibaona siku moja tu, balipita na kuku yangu moja. Askari nilibaona siku nyingi, na kuku hazikubakia. Pasta, usinikunjie uso, ninasema mambo ya kuku tu.

Tukashuka. Muhogo ukabaki juu ndani ya udongo, nguruwe za pori zikaula. Bwana yangu alikaa hapa chini akiangalia maji, muntu wa jembe mwenye hajui hata kutupa wavu. Asubuhi moja akasema anaenda kutafuta dhahabu upande wa kusini, atarudi mbele ya mvua. Mvua zimekuja na kwenda mpaka leo. Sijui kama mi ni mujane ao ni muke wa muntu. Nimechoka kujiuliza.

Nikabaki hapa Lweba na binti yangu. Ni huyu, anakaa pale mbele amebeba mutoto wake. Wakati ule alikuwa ndiyo anafikia kuanza masomo. Nilikuwa ninachuma sombe, majani ya muhogo, na kuuza, ninaanika ndakala za bantu, bale samaki badogo ba ziwa, na bananilipa kwa ndakala zenyewe, zile zilizovunjika. Ndani ya nyumba: mukeka, nyungu mbili, mafiga. Basi. Ukitafuta kingine utakuta ukuta. Muikumbuke hiyo nyumba, bamama, sababu nitairudilia.

Sasa muguu. Binti yangu alianguka juu ya jiwe akienda kuteka maji. Kidonda kidogo tu, chini ya goti. Juu kikapona, ndani hakikupona. Muguu ukavimba, ukawa moto, mutoto akawa analia akiguswa na hata kikwembe cha kujifunika. Kisha ukatoboka, usaa ukaanza kutoka, na harufu yake sitaisema, bantu bataenda kula baadaye. Nilimupeleka kwa benye kujua miti. Nilimupeleka kwa benye kuomba. Mwisho nikamupeleka kwa infirmiye, muuguzi wa disponsere yetu ndogo. Akaubonyeza hivi na kidole, akaniangalia.

Akasema, "Mama, hii imefika kwa mufupa. Ni kupasua, kule kwa lopitali kubwa. Ukikawia, hawatapasua tena. Batakata."

"Nitalipa na nini?" nikamuuliza. "Na ndakala?"

Akaniambia iko njia ya serikali. Kule Baraka kuko dada wa social, wa ofisi ya ustawi. Muntu akiwa hana kitu, dada yule anakuja kuona na macho yake namna anaishi. Akikuta ni kweli, anaandika karatasi ya kusema huyu ni maskini, mukubwa anapiga muhuri, na lopitali inakupokea bila kulipa. Ninawaambia, nilitoka pale ninatembea mbiombio kama musichana. Nilijiambia: umaskini? Hicho ndicho kitu chenye niko nacho kingi! Nani atanishinda kwa hiyo?

Munacheka. Subirini.

Bale bakubwa kidogo munakumbuka namna ilikuwa siku zile. Ndiyo tulikuwa tumeanza kuitana citoyen na citoyenne, ndiyo kusema mwananchi. Jina langu la ubatizo lilikatazwa, ati ni la kizungu, nikabatizwa upya na muandishi wa ofisi. Asubuhi ni animasyo, kuimbia chama na kuchezesha mabega. Jumamosi ni salongo, kufagia barabara na kukata majani, hata kama shamba lako linakufa. Na kwa kila mukutano, mukubwa wa chama wa kwetu alikuwa anasimama na koti lake la bila tai, anasema kwa nguvu: "Kwetu hapa hakuna maskini! Iko bavivu tu!" Na sisi tunapiga makofi. Mi pia nilipiga, na njala yangu tumboni.

Basi, habari ikafika: Ijumaa, dada wa social atakuja kwa mama mwenye mutoto wa muguu. Mugeni wa serikali! Kwa nyumba yangu!

Nilikuwa na mama jirani. Mungu amupumuzishe, alikuwa muntu wa kelele na wa moyo. Alikuja asubuhi, akasimama katikati ya nyumba, akageuka, akageuka tena, akapiga mikono.

"We mama, serikali ikukute umekaa chini kama bata? Sisi tutaweka wapi uso?"

"Lakini anakuja kuona kama sina kitu," nikamuambia.

"Aone huna kitu, sawa, lakini akalie nini? Anywee wapi? Atasema kwa kijiji hiki bageni banakalishwa chini! Nyamaza, tuachie sisi."

Na mi nikanyamaza, ndugu zangu. Munajua desturi yetu, haikuanza na mama jirani. Mugeni akija kwa mumoja, amekuja kwa bote. Bakija kuposa binti wa muntu, nani anauliza kiti ni cha nani? Kiti kinatoka kwa huyu, sahani kwa yule, kuku kwa mwingine. Vile vile kwa kilio, vile vile kwa harusi. Nani kati yetu hapa hajawahi kukalia kiti cha jirani akijidai ni chake? Usiangalie chini, weye mama wa kitambaa cha njano, ninakuona.

Basi vikaanza kuingia. Viti vya mwalimu wa kanisa, kimoja muguu wake ulifungwa na mupira wa baiskeli. Meza ya mwenye duka. Kitambaa cha meza kilichoshonwa ndege mwekundu, lakini uzi mwekundu ulikuwa umeisha, mukia ukamalizwa na kijani. Sahani za maua. Kitanda cha bibi arusi, na godoro lake! Redio, mama wee, redio ikaimba nyimbo za chama ndani ya nyumba yangu. Bakapaka kuta udongo mweupe. Na mama jirani mwenyewe akaleta birika yake ya bluu, ile yenye alikuwa anatoa kwa Noeli tu, akachinja hata jogoo wake.

Mi balinifunga kikwembe kipya. Binti yangu balimuvalisha kanzu nyeupe ya kusindikiza bibi arusi, ndefu mpaka chini. Muguu wakaufunga vizuri ndani, wakapaka poda ya batoto ili harufu isitoke. Akakaa juu ya kitanda, akaniangalia. Nikamuambia, "Mbele ya mugeni hatulii, umesikia?" Akakubali na kichwa.

Dada wa social akafika na baiskeli, jasho linamutoka. Kijana, alitoka Bukavu, Kiswahili chake cha mujini. Alipoingia, nikaona macho yake yanatembea: meza, redio, kitanda. Nikajivuna. Ninawaambia ukweli wa Mungu, nilijivuna.

Akakaa. Akauliza, "Mama, munaishi namna gani?"

Sasa, muntu akikuuliza habari na bado hajanywa hata maji, unamujibu mbaya? Hatukufundishwa vile. Nikasema, "Tunaishi muzuri, Mungu anatusaidia."

"Munapata chakula?"

Mbele ya mi kufungua mudomo, mama jirani akajibu kutoka mulangoni, "Huyu? Anakula mpaka anaacha!" Bamama bote bakacheka. Na mi nikacheka.

Dada akamuuliza mutoto, "Muguu unauma?" Mutoto akaniangalia mimi, akaangalia bamama, akasema, "Kidogo." Basi, hakuomba kuuona. Alisema muguu ni kazi ya muganga, yeye ametumwa kuona nyumba. Kisha akala jogoo mpaka akasafisha mifupa. Maskini, nafikiri na yeye alikuwa na njala. Mushahara wa serikali wote tunaujua.

Akisimama kwenda, alinishika mukono. "Mama, umushukuru Mungu," akasema. "Nimepita kwa nyumba zenye hazina hata pa kukaa."

Baiskeli haijapita hata mupapai wa kwanza, meza yetu ilikuwa imeanza kutembea. Kitanda kikatoka, redio ikatoka ikiimba. Tukacheza pale nje, bapendwa. Tulifikiri tumefaulu mutihani.

Jibu likatoka Baraka: nyumba ile si ya maskini. Karatasi hakuna.

Hapo ndipo nilianguka. Nilienda Baraka kwa miguu, nikamukuta kwa fwaye, ile nyumba yenye bamama balikuwa banajifunza kushona na kupima batoto. Nikapiga magoti. Akaniinua haraka, hakupenda vile.

"Mama, mi niliandika yenye niliona," akasema. "Uko na kitanda, uko na redio. Kuko benye hawana. Ni vyako ao si vyako?"

Ulikuwa ni mulango wazi huo. Ningesema neno moja tu. Lakini nilimuona mama jirani na birika yake, nikamuona mwalimu na viti vyake. Siku zile kudanganya serikali haikuwa muchezo, muntu alikuwa anaweza kulala kwa kasho, gerezani, kwa kitu kidogo kuliko kiti. Na haya, ndugu zangu. Nikasema, "Ni vyangu."

Nikarudia njia yangu ninalia kwa sauti, bantu bananipisha.

Muguu haukungoja. Mutoto akaacha kutembea, kisha akaacha kukaa. Alikuwa mwepesi namna ile, nikimubeba ninaogopa. Usiku homa, mchana homa. Na katikati ya hayo ikaja habari nyingine: mukubwa mumoja kutoka Bukavu atapita na barabara yetu. Salongo kila siku! Kuta zote zenye kuonekana na barabara zipakwe nyeupe, zenye kuangalia nyuma hapana. Bagonjwa, vilema, bazee benye nguo mbaya, bote bakae ndani. Mukubwa wa chama alinijia mi mwenyewe.

"Citoyenne, yule mutoto umuweke kwa chumba cha nyuma. Harufu ile isifike barabarani."

Nikamuweka. Nikamufungia mulango, nikaenda kusimama na bengine kando ya barabara, nikaimba kwamba tunafurahi. Motokari zikapita, vumbi likatuingia mudomoni, hakuna mwenye alisimama. Niliporudi nilikuta mutoto amejiburuta mpaka mulangoni, amelala pale, ameweka mudomo chini ya mulango apate hewa. Nilikasirika. Lakini sikujua bado nimukasirikie nani.

Kisha Mungu akafungua njia, na aliifungua na kiti kibovu.

Kulikuwa na bibi mumoja muzee, hana mutoto, hana macho mazuri. Na yeye aliombewa ile karatasi. Dada wa social akaleta habari kwamba atakuja kuona nyumba yake. Na sisi je? Tulijifunza kitu? Aah! Viti vikatoka, meza ikatoka, kitambaa cha ndege, birika. Na nani alikuwa anabeba sahani juu ya kichwa? Ni mimi. Mi niliyekuwa na mutoto mwenye kuoza kwa nyumba, nilibeba sahani kwenda kuharibu bibi vile nilivyoharibika. Mikono ilienda yenyewe.

Dada akaingia, akakaa. Kiti kikatoa sauti. Akainama, akaangalia muguu wa kiti, ule mupira wa baiskeli. Akainua macho, akamuona ndege mwekundu mwenye mukia wa kijani. Akaangalia birika. Kisha akaniangalia mimi, niko nashika kikombe.

"Mama," akasema polepole, "kiti hiki nilikikalia kwa nyumba yako."

Mama jirani alinikanyaga muguu. Mwalimu akakohoa. Bibi muzee peke yake ndiye alikuwa anatabasamu, sababu hakuona.

Nilimufikiria mutoto wangu na mudomo wake chini ya mulango. Nikaweka kikombe chini.

"Kiti ni cha mwalimu," nikasema. "Meza ni ya duka. Kitambaa, sahani, birika, vyote ni vya bantu. Hapa hakuna kitu cha bibi, na kule hakukuwa na kitu changu. Mi niko na nyungu mbili na mukeka. Njoo uone."

Mama jirani akalia, "We, unatuvua nguo!"

"Ndiyo, ninatuvua!" nikamujibu, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mutoto anaoza, mama! Anaoza!"

Nikatoka, sikuangalia kama dada ananifuata. Alinifuata. Alikuta nyumba vile ilikuwa. Akakaa chini, juu ya mukeka, na nguo yake safi, karibu na binti yangu. Akafungua muguu yeye mwenyewe, kitambaa kimoja kimoja. Hakuziba pua. Hiyo sitaisahau mpaka kaburini, hakuziba pua.

Nilifikiri atanifariji. Hapana. Alikasirika.

"Munajua mumenifanya nini?" akasema. "Kila nyumba yenye nilipita, tangu Nundu mpaka huku, nilikaribishwa kwa kiti na kuku. Nikaandika: hawa bako muzuri. Na hawa nao bako muzuri. Bakubwa bangu bakanisifu, ati kando ya ziwa umaskini umepungua. Nimekataa nani, mama? Ni nani bote hao nimebakataa?"

Na mi nilikuwa nalia.

Aliandika karatasi pale pale. Lakini muhuri ulikuwa kwa mukubwa wa chama, na yule akakataa kabisa. Tulisimama mbele ya meza yake, mi na mutoto mugongoni.

"Citoyenne asistanti," akamuambia, "juzi tu hapa barabarani tulionyesha mukubwa kwamba kila muntu iko na furaha. Leo nipige muhuri kwamba bantu bangu ni maskini? Unatafuta nini, nipoteze kazi?"

"Mutoto huyu atapoteza muguu," dada akasema.

"Karatasi hiyo haitatoka na muhuri wangu."

Dada akakunja karatasi yake. "Basi nitapeleka muguu wenyewe," akasema.

Akasimamisha kamyo, lori yenye kubeba samaki, akakaa nyuma pamoja na sisi juu ya vikapu. Njia yote alishika ule muguu juu ya mapaja yake ili usigongwe. Kule lopitali alisimama mbele ya muganga, hana muhuri, akasema, "Nimeona na macho yangu. Muhuri utafuata." Muganga alimuangalia yeye, akamuangalia mutoto, akasema tuingie. Muhuri haukufuata hata siku moja.

Bakapasua. Bakatoa kipande cha mufupa chenye kilikuwa kimekufa. Tulikawia kule sana, lakini tulirudi na miguu yote. Mumoja ni mufupi kidogo, na goti halikunji. Munamusikia akija kanisani, hatua yake munaijua. Mi nikisikia ile hatua, ninasema asante. Kila siku.

Sasa, hapa bengine hufunga ushuhuda, na wimbo unaanza. Mi siwezi, sababu nitakuwa nimewadanganya.

Dada wa social alirudia nyumba zote zenye alikataa. Na baiskeli yake, moja moja, na kila pahali alikuwa anasema hataki kiti. Kwa nyumba moja, ya bantu benye balishuka kama sisi kutoka Lubondja, alikuta kilio kimeisha. Mutoto mwanaume, rika la binti yangu. Alipita kwangu akirudi, nikamupa maji, akayashika tu hakuyanywa. "Kwa nyumba ile," akaniambia, "balikuwa balinipikia bata." Mbele ya mwaka kuisha, ofisi ilimuhamisha, bakasema amechafua jina la zone, wilaya yetu. Bantu banasema alipelekwa mbali, hakuna mwenye anajua ni wapi. Sikuweza hata kumuonyesha mutoto akitembea.

Ninamushukuru yeye wa kwanza. Kama iko hai, Mungu amupe pa kukaa pazuri. Ninamushukuru muganga mwenye hakungoja muhuri, na dereva wa kamyo mwenye hakusema neno kwa harufu. Na mama jirani wangu, ninamushukuru pia, musishangae. Alininunia juma nzima. Kisha tulipokuwa lopitali alifika kule na miguu yake, amebeba muhogo, akakaa na sisi mpaka mutoto akasimama. Jogoo wake alichinja kwa upendo, wote balileta vitu kwa upendo. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Hakuna mwenye alinichukia, na mutoto alikuwa anakufa.

Miaka yote nimekuwa nikimusema yule mukubwa wa chama, ati alipaka kuta nyeupe ili umaskini wetu usionekane. Na sisi tulipaka kuta gani? Alifunga mutoto wangu ndani ili mugeni asimuone. Na mi, ile kanzu nyeupe nilimuvalisha ya nini? Yeye alificha kwa sababu ya kazi yake, sisi kwa sababu ya haya. Lakini serikali haikuhitaji hata kutudanganya. Tulimupikia chai mutumishi wake, tukamudanganya sisi wenyewe, akaenda kuandika kwamba mambo iko muzuri.

Basi, nimefika kwa jambo la jana. Yule mama mugeni mwenye kukaa nyuma ya kisima, mwenye bwana yake alifariki na mapacha bake bamevimba miguu kwa njala na nywele zimekuwa nyekundu, wote munajua kesho iko nani anakuja kwake. Dada mupya wa social anakuja kuona nyumba. Na jana nilikutana na nani njiani? Viti! Viti vinatembea. Niliona meza ya muntu mumoja mwenye iko hapa hapa anajifanya anatafuta ukurasa kwa Biblia. Niliona godoro.

Musifikiri ninajitoa. Mama jirani alipokufa, aliniachia ile birika yake ya bluu. Jana jioni, mbele ya kufikiri, nilikuwa nimeisha kuiosha, nimeipeleka. Iko juu ya meza kule sasa hivi, inang'aa. Niligeuka kurudi, binti yangu akaniuliza, "Mama, umetoka wapi?" Alisimama tu pale na ule muguu wake.

Kwa hiyo, Pasta, unisamehe, wimbo tutauimba njiani. Bamama, simameni. Kila mumoja achukue kitu chake, jua lingaliko. Godoro litoke, meza itoke, batoto bavuliwe nguo za kuazima. Tumuachie yule mama nyumba yake yenyewe, dada wa social aikute, akae chini juu ya mukeka, aone.

Na kesho akiisha kwenda, turudi na viti. Lakini kesho hapana kuazima. Kama kweli ni upendo, tumupe.

Birika ile nitaichukua leo. Kesho jioni nitamurudishia, na haitatoka tena kwa nyumba yake. Binti yangu, simama, tangulia.